Mtama wa Vitambaa Vyeupe

Kituo chetu cha utafiti kilikuwa na vyumba vinne, tangi la bati la kukingia mvua, taipureta moja na watu watatu. Kilikaa kando ya barabara ya vumbi, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Iguguno. Kati ya watu hao watatu, mimi peke yangu sikuwa mtafiti. Nilikuwa msaidizi. Neno hilo liliandikwa kwenye karatasi yangu ya ajira, na kwa miaka saba lilinikaa kooni. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu fukusi, wale wadudu weusi wadogo wanaotoboa nafaka. Nilichekecha mtama, nikawatoa, nikawapanga kumi kumi juu ya karatasi nyeupe, nikaandika. Vijana wenye digrii walikuja, wakakaa mwaka, wakaandika makala kwa hesabu zangu, wakapelekwa mbele kusoma. Mwishoni mwa makala, kwa herufi ndogo, walinishukuru. Nimeshukuriwa mno maishani mwangu, na mpaka leo neno hilo linanipandisha hasira.

Wa kwanza kati yetu alikuwa mkuu wa kituo. Alisoma ng'ambo, mtu mpole, suruali yake ina mkunjo wa pasi ya mkaa hata siku ya kwenda shambani. Wa pili alikuwa mtaalamu wa udongo, kijana kuliko mimi, mbishi wa kuzaliwa. Saa nne asubuhi tulikunywa chai kwenye kivuli cha tangi, na mazungumzo yalikuwa yale yale: majarida. Nani kachapishwa, nani kakataliwa, jarida lipi hujibu baada ya miezi sita na lipi halijibu kabisa.

"Kazi ambayo haijatoka kwenye jarida," Mkuu alipenda kusema, "ni sawa na kazi ambayo hujaifanya. Hata ukae Iramba hii miaka ishirini."

"Itoke ili isomwe na nani?" mtaalamu wa udongo alimjibu. "Mkulima wa Ulemo anasoma Kiingereza?"

"Haisomwi na mkulima. Inasomwa na watu wanaokupa nafasi."

"Ahaa. Basi tuseme wazi tunawaandikia watoa nafasi, tuache kusingizia wakulima."

Mkuu alicheka, akamimina chai nyingine. Mimi nilitafuna kiazi changu. Mtu ambaye hajawahi kuandika makala hana la kuchangia kwenye maneno ya namna hiyo, na wao hawakunigeukia kuniuliza.

Mwaka ule, ambao serikali ilikuwa imeanza kuwahimiza watu wahamie kwenye vijiji vya ujamaa, ikaja barua kutoka wizarani. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kusoma nje kwa ajili ya kituo chetu. Mwenye digrii angeweza kuomba moja kwa moja. Asiye na digrii angeweza kuomba pia, ila awe na makala moja iliyokubaliwa na jarida la kimataifa, yenye jina lake mwenyewe. Na kulikuwa na umri wa mwisho. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Nisipopata safari hiyo, ndiyo basi tena. Ningehesabu fukusi mpaka siku ya kustaafu. Mke wangu, aliyekuwa Ulemo na watoto wetu, kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza, "Baba, hao wadudu watakwisha lini?" Alisema kwa utani, lakini nilijua si utani mtupu.

Makala nilikuwa nayo. Niliituma miezi mitano kabla ya barua hiyo, na nitaeleza ilivyopatikana, kwa sababu humo ndimo nilimopotelea.

Mimi ni Mnyiramba wa Ulemo. Nimekua nikimwona mama yangu akitoa mtama kwenye kilindo kila mwezi, anauanika juani kutwa nzima, anaupepeta, anaurudisha. Kilindo ni pipa la magome ya mti, limeshonwa kwa kamba na kuzibwa mdomo kwa kinyesi cha ng'ombe. Kwetu kilikuwa na heshima kuliko kitanda. Basi siku moja nilijiuliza: kinachowazuia fukusi ni lile jua, au ni gome lenyewe? Hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza hilo na kuliandika. Mkuu alisema nifanye, mradi nifanye Jumamosi zangu.

Nilichukua mtama mpya wa kituo nikaugawa. Sehemu moja niliiacha stoo ya kituo ndani ya magunia. Sehemu nyingine niliipeleka upande wa Kinampanda, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akikaa na wake za wanawe wawili kwenye tembe kubwa. Nilimchagua kwa sababu vilindo vyake vilisifika. Nilimjazia vilindo vinane. Vinne nilivifunga kitambaa chekundu, vinne kitambaa cheupe. Vyekundu, nilimwambia, muanike kila mwezi kama kawaida yenu. Vyeupe msiviguse kabisa. Aliniitikia, "Sawa mwanangu." Nilirudia mara tatu, naye aliitikia mara tatu. Sikueleza kwa nini. Kitabu nilichosoma kilisema usimweleze mtunzaji unachokitafuta, asije akaharibu jaribio, na mimi nilikuwa mtumwa wa kitabu hicho.

Kwa mwaka mzima nilikwenda kila mwezi. Nilifika, nikaamkia shikamoo, nikapewa maji na kigoda. Nilifungua vilindo vyote vinane, nikachota bakuli moja kutoka kila kimoja, nikaondoka na vimfuko vyangu, na wao wakabaki kuviziba upya. Mwaka huo mvua ilikuwa kidogo. Watu walikula uji wa asubuhi jioni. Mama yule alikuwa na mtama wa serikali umejaa nyumbani kwake, na hakuwahi kuonja hata kiganja kimoja. Niliandika hilo kwenye daftari kama jambo la kumsifu, kwamba mtunzaji ni mwaminifu.

Majibu yalinishtua. Mtama wa magunia uliliwa ukabaki maganda. Mtama wa vitambaa vyekundu ulikuwa mzima. Na mtama wa vitambaa vyeupe, ambao haukuanikwa hata siku moja, ulikuwa mzima vile vile. Nilihesabu mara mbili, tatu, nikaenda kulala, nikaamka nikahesabu tena. Maana yake ilikuwa moja: jua si kitu, gome ndilo linalofukuza fukusi. Kuna kitu ndani ya gome hilo. Niliipiga makala kwa vidole viwili, kwenye taipureta yenye herufi moja iliyovunjika, kila ilipohitajika nikaijaza kwa kalamu. Mtaalamu wa udongo alininyooshea Kiingereza. Mkuu alisoma, akavua miwani, akaniambia, "Hiki ni kitu kipya. Umekitoa wapi?" Nilijisikia mtu.

Barua ya jarida ilifika wiki chache baada ya ile ya wizara. Imekubaliwa. Ndani kulikuwa na kurasa za makala yangu zimeshapangwa kwa herufi za kiwanda, jina langu juu, nizisome nisahihishe nizirudishe upesi. Na mmoja wa wataalamu walioikagua alikuwa na swali dogo: gome ni la mti gani hasa, na je, lilipakwa kitu chochote kwa ndani? Nijibu kwa mistari miwili, iongezwe, basi.

Siku hiyo Mkuu alituma mtu Iguguno akanunue sukari zaidi. Mtaalamu wa udongo alinishika mkono akautikisa mpaka ukauma, akasema hataomba ile nafasi, aniachie mimi, kaka yake. Nilikwenda kujifungia chooni nikalia.

Kesho yake nikapanda baiskeli kwenda Kinampanda kuuliza habari ya gome.

Nilimkuta mama yule uani anachambua mlenda. Nyumba ilikuwa imeshafunguliwa paa upande mmoja. Nao walikuwa kwenye orodha ya kuhamia kijiji kipya, na miti ya paa ilihitajika huko. Vilindo viwili vya zamani vililala ubavuni vimepasuka. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza habari ya karatasi yangu iliyokubaliwa Ulaya na safari ya masomo. Gome lilikuwa la myombo, akaniambia, na akanionyesha kwa kidole mlima walikolitoa. Niliandika.

"Na kwa ndani, mama, mlikuwa mnapaka chochote?"

"Tupake nini? Hatupaki. Tunaanika tu."

"Vile vyekundu."

"Vyote."

Nilidhani hakunielewa. Nikamkumbusha kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto: vyekundu muanike, vyeupe msiviguse. Alinitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu," alisema, "hilo tulilisikia. Tulikaa na hawa wakwe zangu tukaliongea. Tukasema, huyu mtoto wa watu kapewa mtama wa serikali autunze. Nusu yake anasema tusiuanike. Amesahau, au hakufundishwa na mama yake, au kuna mtu kazini kwake anamchimba. Mtama ukiharibika atafukuzwa. Sasa sisi tukae nao humu ndani, tunawasikia fukusi wanatafuna, mwaka huu wa njaa, na sisi tuna mikono? Watu wangetuonaje? Kwa hiyo ukishaondoka tu, kabla hatujaziba, tunautoa wote. Tunaanika, tunapepeta, tunarudisha."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Hatukukwambia, maana ungeona aibu."

Mmoja wa wake za wanawe alipita na ndoo ya maji, akatabasamu. Walikuwa wamefanya kazi mara mbili mwaka mzima, wanawake watatu, kwa ajili yangu, na walikuwa wanasubiri nifurahi. Nilisema, "Ahsante mama." Mama yangu mzazi angefanya hivyo hivyo, na mimi mtoto wa pale pale, niliyenyonya maziwa ya wanawake wa namna hiyo, nilikwenda kuwawekea sharti lililoandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala njaa nyumba moja na mtama.

Njiani nilishuka kwenye baiskeli nikakaa juu ya jiwe. Nilitoa daftari nikalitazama. Namba zote zilikuwa za kweli, hakuna hata moja niliyoitunga, na zote zilikuwa hazina maana. Gome halikuwa na kitu. Ilikuwa jua na mikono ya wanawake watatu. Nikawaza kurudia jaribio. Kurudia wapi? Nyumba inavunjwa, vilindo vimepasuka, wao wanahama, na kamati ya wizara inakaa baada ya mavuno. Jaribio ni mwaka mzima, na mimi mwaka sikuwa nao. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilikaa pale mpaka mchungaji mmoja wa ng'ombe akaja kuniuliza kama naumwa.

Asubuhi ya siku ya pili, kwenye chai, nilijikaza nikauliza kama mtu anayepitisha muda. "Hivi mtu akigundua kosa baada ya makala kukubaliwa, anafanyaje?"

"Anaandika barua, anaiondoa," Mkuu alisema bila kufikiri. "Ni aibu, lakini ni aibu safi. Imeshawatokea wakubwa kuliko sisi."

"Na nafasi yake?" mtaalamu wa udongo aliuliza.

"Nafasi inakwenda kwa mwingine. Kwani utafiti ni mali ya mtu?"

"Ni rahisi kusema hivyo wewe uliyekwisha kwenda, Mkuu. Huyu asiye na cheti afanye nini? Aombe tena akiwa babu?"

"Afanye kazi nyingine. Makala yenye kosa ni hatari. Watu wanaweza kuifuata." Kisha Mkuu akaweka kikombe chini, akanigeukia. "Kuna kosa?"

Wote wawili walinitazama. Nakumbuka nzi aliyekuwa kwenye mdomo wa birika. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikiwa na watu wawili walionipenda, mchana kweupe, na hakuna mtu aliyenishika koo.

"Hapana, Mkuu," nilisema. "Nauliza tu."

Nilizisahihisha kurasa. Nilirekebisha nukta mbili na herufi moja. Kwenye jibu la swali la yule mkaguzi niliandika kwamba gome ni la myombo na kwamba halikupakwa kitu, na yote mawili yalikuwa kweli. Nilibandika stempu, nikaipeleka posta mwenyewe. Nilijiambia nikishasoma, nikishakuwa na jina, nitarudi nifanye jaribio upya, nijisahihishe kwa heshima. Nilikuwa na hakika nalo kabisa. Binadamu akikata tamaa hujitungia hadithi kama hizo na kuzilalia.

Sikulifikiria lile neno la Mkuu kwamba watu wanaweza kuifuata. Nani angeifuata? Jarida la ng'ambo, Kiingereza kitupu. Lakini Mkuu alikuwa mzalendo. Bwana huyu mpole, ambaye mtaalamu wa udongo alikuwa akimtania kwamba anawaandikia watoa nafasi, siku moja alitoka ofisini na karatasi mkononi, uso umemng'aa.

"Mmekuwa mnanisema," alitwambia. "Sasa sikilizeni." Akasoma kwa Kiswahili kizuri. Kilikuwa kijikaratasi cha ushauri kwa vijiji vipya. Mtama wa ghala la kijiji uhifadhiwe kwenye vilindo vikubwa vya magome ya myombo. Ukihifadhiwa hivyo hauhitaji kuanikwa tena mpaka utakapotumika. Chini aliweka jina langu, mimi peke yangu, kwa herufi kubwa, eti heshima yangu.

"Mkuu," nilisema, "labda tusubiri msimu mmoja."

"Tusubiri nini? Si umethibitisha? Jarida limekubali."

"Ilikuwa nyumba moja tu, Mkuu. Vilindo vinane."

"Acha woga wa msaidizi," alinipiga begani. "Hujui kijiji kipya tutakachoanzia kinavyohangaika. Siku tatu kila mwezi akina mama wanaanika, shamba la ujamaa linabaki na magugu. Kwa karatasi hii tumewapa siku tatu."

Mtaalamu wa udongo alipiga makofi. Alisema hatimaye kituo kimefanya kitu kinachofika kwa mkulima. Nikiwa nimekaa pale katikati ya furaha yao nilitamani ardhi inimeze. Kila siku niliyokaa kimya iliifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Kijiji chenyewe kilikuwa kile walichohamia akina mama wale wa Kinampanda. Mavuno yalipoingia nilitumwa kukagua ghala. Lilikuwa jengo jipya la matofali mabichi, na ndani vilindo vikubwa vimesimama mstari mmoja, gome bado lina harufu ya msitu. Katibu wa kijiji alikuwa ameibandika ile karatasi mlangoni kwa uji wa unga. Mama yule alikuwapo, pamoja na wenzake, wakijaza. Nilimwamkia. Aliitikia, akanivuta pembeni.

"Nilimwambia katibu mtama huu lazima uanikwe," alisema kwa sauti ya chini. "Akanionyesha karatasi. Akanisomea. Akasoma na jina lako."

"Ukasemaje, mama?"

"Ningesemaje na jina lako lipo? Nikanyamaza." Alinichungulia usoni. "Unajua unachokifanya, mwanangu?"

Hapo ndipo ningeweza kuuokoa mtama ule. Ilikuwa neno moja tu kwa katibu. Lakini kamati ya wizara ilikuwa inakaa wiki hiyo hiyo, na katibu angempigia Mkuu simu kutoka Kiomboi, makao ya wilaya, na Mkuu angeuliza kwa nini. Nilimjibu mama, "Najua." Aliniamini. Alirudi kujaza.

Nafasi niliipata. Jarida lenye makala yangu lilifika mvua zilipoanza, na barua ya safari ikafika karibu pamoja nalo. Mke wangu alishona suruali mbili. Na wiki mbili kabla ya kuondoka, mtu wa kijiji alifika kituoni kwa baiskeli kusema ghala limefunguliwa na mtama umekuwa unga.

Mkuu aliniagiza niende kwenye mkutano wa kijiji kueleza. Alikuwa na wasiwasi, lakini alisema lazima kuna sababu, nikaitafute. Nilipoingia ghalani nilizamisha mkono kwenye kilindo cha kwanza, ukatoka umefunikwa vumbi lenye joto na fukusi wakipanda mpaka kwenye kiwiko. Cha pili na cha tatu vilikuwa hivyo hivyo. Sikuhitaji kuhesabu. Nje watu walikuwa wamekaa chini, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, watoto wamelegea mapajani mwa mama zao. Ulikuwa mwezi wa kupalilia, mwezi ambao nyumba zote zinategemea ghala.

Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba chakula cha watu kimeharibika, na kwamba mtaalamu wetu yupo, atueleze. Nilisimama. Barua ya safari ilikuwa kwenye mfuko wa shati, niliisikia inakwaruza. Nilifungua mdomo, na nadhani, naapa nadhani, nilikuwa nataka kusema.

Mama yule alisimama kabla yangu. Alijifunga kanga vizuri, akaomba ruhusa.

"Mwenyekiti," alisema, "msimsumbue huyu kijana. Mtama uliingia mbichi. Tulikuwa na haraka ya kuhama, hatukuukausha vizuri shambani. Kosa ni letu sisi wanawake."

Kukawa na minong'ono upande wa wanawake. Wake za wanawe walitazama chini. Wote watatu walijua vizuri kwamba mtama ulikuwa mkavu kama changarawe siku unaingia, na hakuna aliyesema. Mwenyekiti akanigeukia. "Mtaalamu, inawezekana hivyo?"

"Ndiyo," nilisema. "Mtama mbichi huharibika."

Nikakaa chini. Mkutano ukaamua kwamba akina mama watalima siku mbili za ziada kila wiki, na chakula kiombwe wilayani, na kila nyumba itafute pa kushika mpaka kitakapokuja. Hakuna aliyenilaumu. Mwenyekiti alinishukuru kwa kuja.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Alikuwa amekonda. Akachomoa kifurushi kidogo kwenye kanga, akanipa. Ulikuwa mtama, viganja viwili hivi, wa kilindo chake kidogo cha nyumbani, alioendelea kuuanika mwenyewe. Alisema mtu haendi safari ya mbali mikono mitupu. Alikuwa ameufunga kwa kile kitambaa cheupe, kimoja cha vile vinne. Nilimwambia siwezi kuuchukua, watoto wana njaa. Aliniwekea kwenye kikapu cha baiskeli kwa nguvu.

"Ile karatasi yako ya Ulaya," aliniuliza, "ilitoka?"

"Ilitoka, mama."

"Na watakusomesha?"

"Watanisomesha."

"Basi mtama haukuliwa bure," alisema. Akanipa mkono, akarudi kwa wenzake.

Nimesoma, nimefundisha, nimestaafu. Barua ya kuiondoa makala ile niliiandika mara nyingi na sikuituma hata mara moja. Nilikotumwa kusoma, siku ya kwanza, kabla hata sijafungua sanduku la nguo, nilikifungua kile kifurushi. Nilitandika karatasi nyeupe juu ya meza, nikamwaga mtama, nikaanza kuzipanga punje kumi kumi, kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyokuwa naijua kweli. Nilihesabu zote. Hakukuwa na hata moja iliyotobolewa.